Kusoma Jenomu ya Mafua Pale Pale Yalipozuka: Mwongozo kwa Kolwezi na Miji ya Shaba

Oktoba 2024, watu wa Panzi katika jimbo la Kwango walianza kuugua homa, kikohozi, kichwa na maumivu ya mwili. Wengi waliokufa walikuwa watoto wasiofikisha miaka 5. Kutoka Kinshasa hadi Panzi ni kilomita zipatazo 700, na kwa barabara za msimu ule wa mvua gari lilihitaji kama siku mbili. Uwezo wa kupima huko ulikuwa mdogo, kwa hiyo sampuli zilibidi zisafiri. Kufikia tarehe 16 Desemba wagonjwa walioandikwa walikuwa 891 na waliofariki 48, na magazeti ya dunia yalikuwa yakitangaza “ugonjwa usiojulikana”. Majibu yalipokamilika yalionyesha malaria kwa wingi, pamoja na virusi vya kawaida vya njia ya hewa, influenza A(H1N1)pdm09 ikiwemo, katika miili iliyokwisha kudhoofishwa na utapiamlo.

Hakuna ugonjwa mgeni katika orodha hiyo. Kilichochelewa ni jibu, na wakati jibu likiwa njiani, hofu ilifika kwanza.

Kolwezi, jimboni Lualaba, haijatengwa kama Panzi. Ina uwanja wa ndege, ina barabara ya kwenda Likasi na Lubumbashi, ina hospitali ya Mwangeji na zahanati za makampuni ya migodi. Lakini ina pia kila kitu ambacho kirusi cha mafua hukipenda: mabweni ya wafanyakazi, mabasi ya zamu yaliyofungwa vioo, wachimbaji wanaoshuka shimoni bega kwa bega, malori yanayotoka Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, na reli inayoelekea Dilolo na Angola. Historia inathibitisha hatari hiyo. Mwaka 1918 mafua makubwa yaliingia Katanga kutoka kusini kwa reli ya Rhodesia na kuwakumba wafanyakazi wa migodi ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwishoni mwa 2002, kaskazini mwa nchi, mafua ya aina ya H3N2 yaliwashika watu zaidi ya 4,000 katika eneo la Bosobolo, jimbo la Équateur la wakati huo, na zaidi ya 500 walikufa. Mafua yanaua.

Mwongozo huu ni wa mganga mkuu wa zoni ya afya, fundi wa maabara, daktari wa zahanati ya mgodi, na yeyote atakayeitwa siku wagonjwa wanapoongezeka ghafla.

Kifaa cha kusomea jenomu pale pale mafua yalipozuka huitwa MinION, cha kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza. Kina uzito wa gramu 100 hivi, huchomekwa kwenye kompyuta mpakato kwa waya wa USB na kupata umeme humo humo. Ndani yake hukaa kibao cha kusomea chenye vitundu vidogo mno. Uzi wa DNA unapopenya kwenye kitundu, mkondo wa umeme hubadilika, na kompyuta huyageuza mabadiliko hayo kuwa herufi za jenomu. Mwaka 2015 timu ya Joshua Quick na Nicholas Loman ilikipeleka Guinea wakati wa Ebola. Maabara nzima ilisafiri kama mizigo ya kawaida ya ndege isiyofika kilo 50, ikasoma jenomu 142, na kuna majibu yaliyotoka chini ya saa 24 tangu sampuli ipokelewe.

Kwa mafua, mfano ulio karibu zaidi na kazi hii unatoka Marekani. Wataalamu wa CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo, walifungasha maabara ndogo waliyoiita Mia, wakaenda nayo kwenye maonyesho makubwa ya nguruwe na kukesha wakifanya kazi. Saa 18 baada ya kufungua masanduku walikuwa na jenomu 13 za mafua ya nguruwe, na walikwisha kuona kwamba virusi hivyo havilingani na mbegu za chanjo zilizokuwa zimewekwa akiba. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2020.

Kongo nayo haianzi kutoka sifuri. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikiwa na wanasayansi kama Placide Mbala-Kingebeni na Steve Ahuka-Mundeke, ilisoma jenomu zaidi ya 700, sehemu ya kazi ikifanyika karibu na wagonjwa, Katwa na Goma. Jenomu hizo ndizo zilizofichua jambo ambalo maswali ya mdomo yasingeweza kulithibitisha: mgonjwa aliyekwisha kupona alirudiwa na Ebola baada ya miezi kama 6, na kutoka kwake ukaanza mnyororo wa wagonjwa 91. Ujuzi upo nchini. Kinachotakiwa ni kuusogeza hadi Lualaba kabla haujahitajika.

Anza na swali, kifaa baadaye

Kosa linalogharimu zaidi ni kufungua MinION ili kuuliza “Je, haya ni mafua?” Swali hilo lina majibu ya bei nafuu. Kusoma jenomu kunajibu mengine: Je, wagonjwa wa bweni na wa mtaani wana kirusi kimoja au viwili tofauti? Kimeingia mara moja kikasambaa, au kinaingia kila wiki na malori? Kinafanana na kilichoko Afrika Kusini, ambako msimu wa mafua huanza kwa kawaida Aprili au Mei, au na kilichoko Kinshasa? Kina badiliko linalokifanya kisisikie dawa? Je, ni kirusi cha ndege au cha nguruwe kilichovuka kwa binadamu?

Liandike swali lako kwenye karatasi, na chini yake uandike uamuzi utakaobadilika kulingana na jibu. Ikiwa hakuna uamuzi utakaobadilika, tunza vitendanishi vyako na upeleke sampuli chache INRB kwa njia ya kawaida. Vitendanishi ndivyo vinavyokula bajeti, na pakiti iliyofunguliwa haisubiri mlipuko ujao.

Kabla ya sampuli ya kwanza, toa taarifa kwa ofisi ya zoni ya afya, nayo iwaarifu Idara ya Afya ya Jimbo na INRB. Zahanati ya mgodi isifanye uchunguzi wa peke yake ndani ya uzio. Kirusi hakijui uzio.

Nani ahesabiwe mgonjwa

Shirika la Afya Duniani lina kipimo rahisi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, pamoja na kikohozi, iliyoanza ndani ya siku 10 zilizopita. Anayelazwa kwa dalili hizo huhesabiwa katika kundi la wenye maradhi makali ya njia ya hewa. Kolwezi inahitaji kipimo hiki kuliko miji mingi. Kati ya Mei na Septemba vumbi jekundu hufunika kila kitu, na katika mtaa kama Kasulo, ambako mashimo ya kobalti yalichimbwa katikati ya nyumba za watu, kikohozi ni jambo la kila siku. Usiku wa Juni na Julai, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,400, baridi hukaza. Anayekohoa miezi miwili bila homa apelekwe kupimwa kifua kikuu na magonjwa ya vumbi. Hana nafasi katika orodha ya mlipuko wa mafua, ila anayo haki ya kutibiwa.

Malaria ipimwe kwa kila mwenye homa, bila kumruka mtu. Panzi inatosha kuwa fundisho: magonjwa mawili yanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja, na la kwanza kuonekana lisifunge mlango wa kutafuta la pili.

Sampuli ndiyo kazi yenyewe

Hakuna kompyuta itakayorekebisha kijiti cha pamba kilichochukuliwa vibaya. Chukua sampuli ndani ya siku 3 au 4 tangu dalili zianze, wakati kirusi kingali kwa wingi. Kijiti cha pua kifike nyuma kabisa ya tundu la pua, si mlangoni tu. Ukiongeza cha koo, viweke vyote viwili kwenye chupa moja ya kimiminika cha kusafirishia virusi. Chupa iingie mara moja katika sanduku la baridi, nyuzi 2 hadi 8, na ifanyiwe kazi ndani ya siku tatu. Ikizidi hapo itahitaji jokofu la nyuzi hasi 70, ambalo si rahisi kulipata nje ya mji. Ikiwa sampuli zinatoka Sandoa au Kapanga, tumia kimiminika kinachoua kirusi na kuhifadhi RNA bila baridi. Nacho kina faida ya pili: sampuli haiambukizi tena anayeishika. Lakini gawa kila sampuli mara mbili tangu mwanzo, nusu moja ibaki na kirusi hai kwa ajili ya INRB, kwani kirusi kilichouawa hakiwezi kuoteshwa.

Fomu ina uzito sawa na chupa. Tarehe ya dalili ya kwanza, mtaa, kazi, zamu, nambari ya basi au bweni, safari za wiki mbili zilizopita, kugusana na kuku, bata au nguruwe. Jenomu isiyo na tarehe wala mahali ni herufi tupu. Na wachimbaji wadogo, ambao makao yao hubadilika kadiri mashimo yanavyobadilika, waulizwe wanachimba wapi wiki hii na walichimba wapi wiki iliyopita, badala ya anwani.

Pima kwa bei nafuu, kisha chagua

Mashine za GeneXpert zimesambazwa nchini kwa ajili ya kifua kikuu. Zipo katriji zake zinazotofautisha influenza A, influenza B, UVIKO-19 na kirusi cha RSV kinachowasumbua watoto wachanga, kwa muda usiofika saa moja. Hapo ndipo pa kuuliza “Je, ni mafua?” Mashine hutoa pia namba inayoitwa Ct: ikiwa ndogo, kirusi ni kingi. Zenye Ct chini ya 30 ndizo zitakazosomeka vizuri.

Usisome zote. Sampuli 12 hadi 24 zilizochaguliwa kwa akili zina faida kuliko 90 za mtaa mmoja. Chukua za mwanzo kabisa za mlipuko, za katikati na za mwisho; za mgodini na za sokoni; za waliolazwa na za waliotibiwa wakarudi nyumbani. Weka mbili au tatu za watu wasio na uhusiano wowote na mlipuko, kutoka mji mwingine kama Likasi au Fungurume. Bila hizo za nje hutajua kama kufanana kwa virusi vyako kunamaanisha chanzo kimoja, au ni kirusi cha msimu kilichoko jimbo zima.

Chumba, umeme, baridi

Vyumba viwili ni bora, pembe mbili zilizotenganishwa ni lazima. Upande mmoja hushughulikia sampuli na kutoa RNA. Upande wa pili huchanganya vitendanishi safi. Mtu hutoka pasafi kwenda pachafu, hageuzi njia siku hiyo. Dirisha lifungwe kwa sababu ya vumbi na meza ipanguswe kwa dawa kabla na baada ya kazi.

Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani na Kolwezi, hata hivyo umeme hukatika mjini. MinION yenyewe itaishi kwa betri ya kompyuta kwa muda. Hatari iko kwenye friza. Vimeng'enya vinahitaji nyuzi hasi 20, na vibao vya kusomea vinataka nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda. Jenereta ijaribiwe kabla ya siku ya kazi, na betri ya akiba iwekwe kwa ajili ya mashine ya PCR, kwani umeme ukizimika katikati ya mizunguko yake kazi ya saa kadhaa inaharibika.

Siku moja ya kazi

Kirusi cha influenza A kina jenomu ya RNA yenye herufi zipatazo 13,500, iliyogawanyika vipande 8. Bahati ya mafundi ni kwamba ncha za vipande vyote zinafanana, hivyo seti moja ya vianzishi hugeuza RNA kuwa DNA na kuvikuza vipande vyote 8 ndani ya chupa moja. Influenza B ina vianzishi vyake. Usijaribu kutumia vya A.

Ukianza saa mbili asubuhi kutoa RNA, PCR itakwisha alasiri. Kisha kila sampuli hubandikwa kipande kifupi cha DNA cha kuitambulisha, zote huchanganywa na kupandishwa kwenye kibao kimoja. Seti za utambulisho zilizoko zinaweza kutenganisha hadi sampuli 96. Data huanza kuonekana ndani ya dakika chache, na kwa sampuli nzuri saa chache za usiku zinatosha. Vipande vitatu virefu, PB2, PB1 na PA, vyenye herufi zaidi ya 2,000 kila kimoja, ndivyo vya kwanza kupotea sampuli ikiwa dhaifu. Usikate tamaa vikikosekana: kipande cha HA, ambacho mwili hukitambua kwanza, na cha NA, ambacho dawa ya oseltamivir hukishambulia, vinajibu maswali mengi ya mlipuko.

Katika kila mzunguko lazima iwepo sampuli tupu, maji tu, inayopita hatua zote sawa na nyingine. Ikitoa jenomu ya mafua, kuna uchafuzi, na majibu ya siku hiyo yote yatiliwe shaka. Ni vigumu kuyatupa matokeo wakati gavana anasubiri simu. Yatupwe.

Kusoma kilichosomwa

Pakua programu zote ukiwa kwenye intaneti nzuri, kabla ya kusafiri. IRMA ya CDC huunganisha vipande vya mafua. Nextclade hutaja ukoo na mabadiliko. Beba pia maktaba ya jenomu za miaka ya karibuni kutoka Afrika ya Kusini na ya Mashariki. Kila herufi iwe imesomwa angalau mara 20, na maabara nyingine hudai 50.

Hapa ndipo watu hodari hujikwaa. Jenomu nzima ya mafua hupata takriban badiliko moja kila wiki moja au mbili, ilhali mgonjwa mmoja humwambukiza mwingine baada ya siku kama 3. Maana yake, watu wanne au watano katika mnyororo mmoja wanaweza kuwa na jenomu zilizofanana herufi kwa herufi. Kwa hiyo jenomu mbili zikitofautiana sana, unaweza kusema kwa uhakika kwamba huyu hakumwambukiza yule. Zikifanana, unaweza kusema tu kwamba inawezekana; fomu na mahojiano ndivyo vitakavyomaliza. Usimtaje dereva wala mpishi wa bweni kuwa chanzo kwa sababu ya mti wa ukoo peke yake.

Uganda ilionyesha matumizi mazuri ya hekima hii mwaka 2020. Watafiti wa Entebbe, wakitumia MinION kusoma virusi vya UVIKO-19, walilinganisha vya madereva wa malori na vya abiria wa ndege, wakaona njia tofauti za kuingia nchini. Matokeo ya namna hiyo humwambia mkuu wa afya aweke nguvu mpakani au uwanjani, bila kumnyoshea mtu kidole.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuandika ripoti. Kwanza, badiliko la H275Y kwenye NA ya H1N1, linalodhoofisha oseltamivir. Dawa hiyo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, kwa hiyo habari hii iende hospitalini siku ile ile. Pili, ikiwa programu inasema B/Yamagata, rudia kipimo: ukoo huo haujathibitishwa kusambaa popote duniani tangu Machi 2020, na uwezekano mkubwa ni makosa ya maabara.

Ikitokea H5 au H7

Mwaka 2017 mafua makali ya ndege ya H5N8 yaliua bata na kuku huko Ituri, na mapema mwaka huo huo yalikuwa yameonekana Uganda kando ya Ziwa Victoria. Fomu ikitaja kuku waliokufa kwa wingi, au GeneXpert ikionyesha influenza A ambayo haitambuliki kuwa H1 wala H3 kwenye kipimo cha aina, simamisha kazi ya kawaida. Ongeza vifaa vya kujikinga, punguza watu chumbani, usijaribu kuotesha kirusi, na upige simu INRB kabla ya kusoma chochote. Mafua ya aina mpya kwa binadamu, hata mgonjwa mmoja, ni ya kutangazwa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kuthibitishwa, na serikali ndiyo inayotangaza. Idara ya mifugo ijue siku hiyo hiyo.

Majibu ni ya nani

Mfanyakazi aliyetoa pua yake kwa kijiti anapaswa kuambiwa kwa lugha anayoielewa ni nini kilichoonekana. Kampuni ipewe idadi, zamu na bweni, isipewe majina. Mtu akijua kwamba kikohozi kitamgharimu kibarua, kesho ataficha homa, na mlipuko utaendelea mahali usipoonekana. Makubaliano haya yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya sampuli ya kwanza, kwa maana baada ya majibu kutoka, mwenye nguvu ndiye atakayeyasoma makubaliano.

Data nayo ina mwenyewe. Mwaka 2007 Indonesia ilikataa kutoa sampuli za H5N1 kwa sababu chanjo zilizotengenezwa kutokana nazo zilikuwa ghali mno kwa watu wake. Mvutano huo ulizaa mwaka 2011 makubaliano ya kimataifa ya kugawana virusi vya mafua na faida zake. Lualaba, jimbo linalojua vizuri jinsi mali ghafi inavyosafiri, lina sababu ya kuhakikisha kwamba majina ya mafundi wake yanakaa juu ya jenomu zake. Ziwekwe GISAID, hifadhi ya kimataifa ya jenomu za virusi, kwa idhini ya INRB, tarehe na jimbo vikiwa sahihi, ndani ya siku chache baada ya kuhakikiwa. Ile nusu ya pili ya sampuli, yenye kirusi hai, isafirishwe Kinshasa kwa baridi isiyokatika mapema iwezekanavyo: wataalamu wa Shirika la Afya Duniani huchagua mbegu za chanjo kila Februari na kila Septemba, na kirusi cha Kolwezi kikifika Oktoba kitakuwa kimekosa kikao.